Nyumba ya Mkulima wa Tipperary: Kitunzwe Nini, Kibadilishwe Nini?

MAJENGO NA WAKAAJI WAKE: MASWALI YA WASOMAJI

Swali

Mhariri, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, na kwa miaka 11 sasa ninaishi Ayalandi, nilikoolewa. Mwaka jana mume wangu alirithi nyumba ya shangazi ya baba yake katika Kaunti ya Tipperary, nyumba ya shambani ambayo imekaa bila mtu kwa miaka sita. Ni ya mawe, ndefu na nyembamba, yenye ghorofa moja juu na paa la sleti, yaani mawe bapa membamba. Madirisha ni ya mbao, ya kupandisha na kushusha, na kila fremu ina vioo viwili vikubwa. Mlango hauko katikati sawasawa. Ukiingia unakutana uso kwa uso na kiambaza kifupi chenye kidirisha kidogo cha kioo, na nyuma ya kiambaza hicho ndipo palipo na meko makubwa. Nje kuna ua uliozungukwa na mabanda, na lango lenye nguzo mbili za mviringo ambazo vichwa vyake vimechongoka kama pia.

Mkandarasi ametushauri tubandue lipu yote ya nje ili mawe yaonekane, tujaze viungo kwa saruji, tuweke madirisha ya plastiki, tubomoe kiambaza ili sebule ipanuke, na tuondoe mabanda. Wakati huohuo jirani ametuonyesha kwamba nyumba imo katika orodha ya taifa ya majengo ya urithi na imepewa daraja la kimkoa. Nimeshangaa, kwa sababu si kasri wala kanisa, na hakuna mtu mashuhuri aliyezaliwa humo. Thamani yake ni ipi hasa? Na je, ikishaitwa urithi, itakuwa bado ni yetu?

Msomaji, Tipperary

Jibu

Dada yetu wa Tipperary, nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linalowanyima watu usingizi, kisha nirudi kwenye nyumba yenyewe, ambayo kwa maelezo yako inastahili kuzungumzwa kwa urefu.

Orodha aliyowaonyesha jirani ni Orodha ya Taifa ya Urithi wa Majengo, inayojulikana kwa herufi NIAH, iliyoanzishwa mwaka 1990 na kupewa msingi wa kisheria mwaka 1999. Wapimaji wake wamepita kaunti baada ya kaunti wakiandika majengo, hasa yale yaliyojengwa baada ya mwaka 1700, na kuyapanga kwa madaraja: la kimataifa, la kitaifa, la kimkoa na la mahali. Kuandikwa humo peke yake hakumfungi mwenye nyumba. Ila jengo likipata daraja la kimkoa au la juu zaidi, Waziri huipendekezea halmashauri ya kaunti iliingize katika rejista yake ya majengo yanayolindwa, na rejista hiyo ndiyo inayombana mwenye mali, chini ya sheria ya mipango ya mwaka 2000, ambayo sasa inapisha hatua kwa hatua ile ya mwaka 2024. Hata hapo nyumba hubaki yenu. Mnaweza kuiuza, kuipangisha au kuirithisha, wala hamlazimiki kuwafungulia watazamaji. Kinachobadilika ni kwamba kazi inayogusa sura na tabia ya jengo huhitaji kibali, na ulinzi huo huingia hadi ndani ya vyumba na kutoka nje hadi kwenye ua na mabanda. Kwa hiyo, kabla fundi hajashika nyundo, nendeni kwenye halmashauri mkaulize kama nyumba imo katika rejista, na kama imo, mwombe tamko la maandishi linaloeleza ni kazi zipi zinazohitaji kibali na zipi zisizohitaji.

Sasa nyumba. Unasema si kasri, na hiyo ndiyo sababu ya kuandikwa kwake. Nyumba za matajiri wa karne ya 19 zilichorwa na wasanifu na michoro yake mingi ipo hadi leo, lakini mkulima aliyekodi ekari zake chache alijenga na fundi wa kijijini bila kuchora kitu, na kwa hiyo hakuna mahali pengine pa kusoma maarifa yake isipokuwa ukutani. Thamani ya nyumba yenu ni kwamba bado inasomeka.

Someni kwanza umbo lake. Nyumba ya mkulima wa Kiayalandi ina upana wa chumba kimoja tu, na vyumba hufuatana kwa urefu, jikoni pakiwa ndipo moyo wa nyumba. Upana ulipangwa na mbao za paa, kwa kuwa mwenye mbao fupi hujenga chumba chembamba. Msomaji wa pwani atalielewa jambo hili bila kuelezwa mara mbili, maana vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba kwa sababu hiyohiyo: boriti ya mkoko haivuki nafasi kubwa. Familia ilipoongezeka au kupata nafuu, nyumba ilirefushwa kwa chumba kingine mwishoni, au ilipandishwa juu, lakini haikupanuliwa kwa upana.

Halafu kuna hicho kiambaza, ambacho mkandarasi anakiona kuwa kizuizi na mimi nakiona kuwa kitu cha thamani kuliko vyote mlivyo navyo. Wachunguzi wa nyumba za jadi za Ayalandi hugawa nchi katika mila mbili kubwa. Magharibi na kaskazini, mlango hufunguka moja kwa moja jikoni, na meko yako mbali na mlango, upande wa pili wa chumba. Mashariki na kusini-mashariki, pamoja na huko kwenu, mlango hukabili meko, kwa hiyo hujengwa kiambaza kati yake na moto ili upepo usiupulize, nacho hufanya kijiukumbi cha kupokelea mgeni. Kile kidirisha kimewekwa ili aliyekaa penye moto amwone anayeingia na apate mwanga kidogo wa kushonea. Ukibomoa kiambaza utapata mita moja ya sebule na utapoteza alama inayoonyesha nyumba yenu ni ya mila ipi. Hakuna fundi atakayeweza kuirudisha, kwa sababu kitakachojengwa baadaye kitakuwa mfano tu.

Mlango kutokuwa katikati na dohani kutokuwa mwisho wa nyumba hunifanya nishuku jambo jingine, nalo mnaweza kulithibitisha wenyewe kwa ngazi na tochi. Nyumba nyingi za namna hiyo zilianza zikiwa za chini tu na zimeezekwa kwa majani ya nafaka, kisha katika nusu ya pili ya karne ya 19 zikapandishwa ghorofa na kuezekwa kwa sleti. Ingieni darini mtazame kuta za mwisho kwa ndani. Paa la majani huhitaji mwinamo mkali ili mvua iteremke haraka, ilhali sleti huridhika na mwinamo mdogo, na mara nyingi mstari wa paa la zamani huonekana katika mawe ya kuta hizo, chini ya paa jipya. Tazameni pia kama ukuta wa juu ni mwembamba kuliko wa chini. Sleti zenyewe zikaguliwe na mtu anayezijua kabla hata moja haijatupwa: zinaweza kuwa za Wales, zilizoenea sana baada ya reli, au zile nzito za Killaloe zilizochimbwa Portroe katika kaunti yenu hiyohiyo. Sleti nyingi hudumu kuliko misumari iliyozishika, na paa linaloonekana limechoka mara nyingi huhitaji misumari mipya tu.

Madirisha nayo yanatoa ushahidi wa tarehe. Ushuru wa kioo ulifutwa mwaka 1845, na baada ya hapo vioo vikubwa vikaanza kuwafikia watu wa kawaida, hivi kwamba fremu za vioo sita sita zikapisha zile za viwili viwili kama zenu. Mkulima aliyeyaweka alikuwa na fedha mkononi na, jambo kubwa zaidi, alikuwa na sababu ya kuzitumia. Kwa sehemu kubwa ya karne hiyo mkulima alikuwa mpangaji, na katika mikoa mingi ya nchi aliyefukuzwa aliondoka bila fidia ya alichokijenga, kwa hiyo kuipendezesha nyumba kulikuwa kama kumjengea mwenye ardhi na pengine kujiongezea kodi. Sheria ya mwaka 1870 ikaleta fidia ya maendelezo. Ile ya mwaka 1881, iliyotokana na mapambano makali ya wapangaji, ikaleta kodi ya haki na usalama wa kukaa. Ya mwaka 1903 ikawawezesha wengi kununua mashamba yao kabisa. Ghorofa, sleti na vioo vikubwa vya miaka hiyo ni alama ya kwamba mtu ameanza kuamini hatafukuzwa.

Kuhusu mabanda, nawasihi msiyaguse kwa kuyabomoa. Ua wa shamba ni sehemu ya nyumba kwa maana kamili: zizi la ng'ombe, banda la farasi na ghala ambalo mara nyingi hupandiwa kwa ngazi ya mawe ya nje vinaeleza kazi iliyoilisha nyumba hiyo. Mkifungua vitabu vya makadirio ya kodi ya ardhi vilivyochapishwa kati ya 1847 na 1864, mtakuta mashamba mengi yameandikwa kuwa yana nyumba, ofisi na ardhi. Msishangae, kwani neno hilo la ofisi lilimaanisha mabanda haya. Nguzo za mviringo zenye vichwa vya pia ni kazi inayojulikana sana katika mashamba ya Ayalandi, na lango la chuma lililofuliwa na mhunzi wa karibu, kama bado lipo, lina thamani kama mlango wenyewe.

Nifike kwenye lipu, ambako ushauri mliopewa ni wa hatari, si kwa historia tu bali kwa afya ya jengo. Ukuta wa mawe ya porini, unaokaribia sentimita 60 kwa unene, si pande moja. Una ngozi mbili za mawe na katikati umejazwa kifusi, chokaa na udongo. Ukuta huo hunyonya maji wakati wa mvua na kuyarudisha hewani wakati wa upepo na jua, na kinachouwezesha ni chokaa, iliyo laini na yenye vinyweleo. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu, kwa hiyo maji yaliyoingia kupitia nyufa zake hukosa pa kutokea, hukaa ukutani, huozesha vichwa vya boriti na kutokea ndani kama ukungu. Nimeyaona madhara hayohayo katika kuta za mawe ya matumbawe pwani kwetu, zilipopakwa saruji na mafundi wenye nia njema: lipu huvimba, hupasuka, na ukuta uliosimama miaka 150 huanza kumomonyoka ndani ya miaka michache. Kuyaacha mawe wazi nako ni kosa. Kuta hizo zilijengwa ili zivikwe lipu ya chokaa au zipakwe chokaa nyeupe mara kwa mara. Sura ya mawe yaliyovuliwa nguo ni mtindo wa siku hizi ambao wajenzi wa kwanza wangeuona kuwa ni nyumba isiyokwisha, na kwa mvua ya Ayalandi ni mwaliko wa unyevu. Tafuteni mwashi anayejua chokaa, naye asifanye kazi hiyo wakati wa baridi kali, maana chokaa mbichi ikigandishwa na jalidi huvunjika.

Madirisha ya mbao karibu kila mara hurekebishika, kwa sababu sehemu iliyooza huwa ni ya chini tu, na fundi mzuri huikata na kuunga mbao mpya. Mkihofia baridi, wekeni kioo cha pili kwa ndani na mzibe mianya. Joto jingi hupotelea juu, kwa hiyo sufi ya kondoo ikitandazwa darini, huku hewa ikiachwa ipite pembezoni mwa paa, itawafaa mno. Kabla ya kugusa paa lolote, hata la zizi, hakikisheni hamna popo, kwa kuwa wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 1976.

Wala sisemi muishi kama walivyoishi wa mwaka 1880. Bafu, jiko la kisasa na chumba cha ziada vina nafasi yake, na nafasi hiyo kwa kawaida ni nyuma ya nyumba, katika jengo dogo lisilofikia kimo cha paa la zamani na linaloungana na nyumba kupitia mlango uliopo tayari, au katika mojawapo ya yale mabanda. Kwa kuwa nyumba imekaa tupu zaidi ya miaka miwili, ulizeni pia kuhusu ruzuku ya serikali ya kufufua nyumba zisizokaliwa, ambayo kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2023 hufika yuro 50,000, na yuro 70,000 kwa iliyochakaa kabisa.

Mwisho, tafuteni sensa za 1901 na 1911, ambazo zinasomwa bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Kuna fomu moja ya nyumba, ambapo ukuta wa mawe ulipewa alama moja na wa udongo sifuri, sleti moja na majani sifuri, kisha yakahesabiwa madirisha ya mbele na vyumba. Fomu nyingine inaorodhesha mabanda, moja moja. Mkizishika karatasi hizo mkasimama uani, mtajua ni banda lipi lililokuwa la nini.

Swali

Katika toleo lililopita mlitaja kwamba Ayalandi inahifadhi nyumba za wakulima za karne ya 19. Nikiwa mwanafunzi wa usanifu majengo, najiuliza: karne hiyo ndiyo ya Njaa Kuu, ya kufukuzwa mashambani na ya kutawaliwa na wengine. Je, kuzihifadhi nyumba hizi si kupamba umaskini?

Msomaji, Kampala

Jibu

Swali lako ni zito, na sitalijibu kwa kuliziba. Sensa ya mwaka 1841 ilizigawa nyumba za Ayalandi katika madaraja manne. La nne lilikuwa la vibanda vya udongo vya chumba kimoja, la tatu la nyumba za udongo zenye nafuu kidogo, vyumba viwili hadi vinne, na la pili la nyumba nzuri ya mkulima yenye vyumba na madirisha kati ya matano na tisa. Vibanda vya daraja la nne vilikuwa 491,278. Miaka 10 baadaye, baada ya ugonjwa wa viazi, njaa na kufukuzwa, vilikuwa vimebaki 135,589. Watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na zaidi ya milioni moja walihama.

Kwa hiyo inayohifadhiwa leo si nyumba ya maskini. Nyumba ya maskini ilirudi kuwa udongo pamoja na waliokaa ndani yake. Nyumba ya daraja la pili ni ya aliyeivuka njaa, na wakati mwingine ni ya aliyechukua shamba la jirani asiyevuka. Mhifadhi mwaminifu hana budi kuliandika hilo waziwazi, na anapopima shamba atazame pia pembe za viwanja vilivyo tupu, ambako ramani za miaka ya 1840 zinaonyesha safu za vibanda na leo pana nyasi tu. Hapo hoja yako nakubaliana nayo kabisa: nyumba ikipakwa rangi, ikawekwa maua madirishani, na historia hiyo ikanyamazwa, kazi ya uhifadhi imefanywa nusu.

Lakini iko nyumba moja ambayo ningependa uijue, karibu na Ballingarry, katika Kaunti hiyohiyo ya Tipperary. Ni nyumba ya mkulima, ya mawe, yenye ghorofa, na mwaka 1848 ilikuwa ya mjane aitwaye Margaret McCormack. Tarehe 29 Julai mwaka huo, njaa ikiwa bado inaua, William Smith O'Brien na wenzake walijaribu kuanzisha uasi dhidi ya utawala wa Uingereza. Kikosi cha polisi zaidi ya 40, kilipoona umati umekuja kukikabili, kilikimbilia katika nyumba hiyo na kujifungia humo pamoja na watoto watano wa mjane, ambaye mwenyewe hakuwapo. O'Brien alisogea hadi dirishani kuzungumza nao. Risasi zikafyatuliwa, waasi wawili wakafa, na uasi ukaishia hapo. Yeye na viongozi wengine watatu walihukumiwa kifo, kisha adhabu ikabadilishwa kuwa uhamisho hadi kisiwa kinachoitwa leo Tasmania.

Tazama sasa kwa jicho la msanifu. Polisi waliichagua nyumba ile kwa sababu ya daraja lake: kuta nene za mawe, ghorofa ya kuchungulia, madirisha machache ya kuyalinda. Kibanda cha udongo cha chumba kimoja kisingewafaa kitu, na katika vibanda hivyo ndimo walimotoka waasi wengi. Unaposimama mbele ya nyumba hiyo unaona kwa macho umbali uliokuwapo kati ya daraja la pili na la nne, jambo ambalo jedwali la sensa linaweza kukutajia lakini haliwezi kukuonyesha. Tangu 2004 jina lake rasmi ni Famine Warhouse 1848, na ndani mna maonyesho kuhusu njaa, uasi, kesi za uhaini na uhamaji. Familia ya mjane nayo ilihama baadaye, ikaenda Marekani.